Maswali ya Wasomaji: Mbona wimbo wa kauboi si ule?

Tangu tuzungumzie tamthilia za kauboi za zamani, barua nyingi zimekuja na kilio kimoja: picha imepatikana, ila wimbo una walakini. Tumechagua tano.

Nimenunua Kariakoo diski ya Bonanza yenye episodi kumi. Stelingi ni wale wale, farasi ni wale wale, lakini mwanzoni unapigwa muziki mwingine kabisa. Muuzaji anasema ndivyo ulivyo tangu zamani. Nimeuziwa feki? Na je, ule wimbo wa kweli una maneno? – Msomaji, Ilala

Episodi ni za kweli, ila muuzaji hajui anachouza. Kwa sheria ya Marekani ya wakati ule, kazi iliyotoka kabla ya 1964 ililindwa miaka 28, kisha mwenye nayo alitakiwa aombe upya. Asipoomba, basi. Bonanza ilianza 1959, na episodi zake kadhaa za miaka ya mwanzo hazikuombewa upya, kwa hiyo kampuni za diski za bei poa zikaruhusiwa kuzinakili bila kumlipa mtu. Wimbo lakini ni mali ya peke yake. Waliutunga Jay Livingston na Ray Evans, na haki yake bado iko hai. Kampuni hizo zikaona bora kuufuta na kubandika muziki wowote usiodaiwa.

Kabla hujatoa hela, mwambie muuzaji akuwekee dakika mbili za mwanzo. Utaona ramani, moto unaitoboa katikati, kisha wapanda farasi wanakujia. Gitaa linatakiwa liingie pale pale ramani inaposhika moto. Ukiona moto lakini husikii gitaa, rudisha. Dalili nyingine iko kwenye kasha: toleo kamili hutaja msimu (iko 14) na episodi zimefuatana. Kasha la "episodi kumi bora" zilizookotwa huku na huku ndilo la kutilia shaka.

Umeuliza pia kama wimbo una maneno. Unayo. Waigizaji waliuimba katika episodi ya kwanza wakati wa kurekodi, kipande hicho kikakatwa, ikabaki ala tupu. Johnny Cash aliurekodi baadaye kwa maneno mengine.

Napiga gitaa la solo. Nataka kunyaka wimbo wa Rawhide kutoka kwenye diski iliyotoka Uingereza. Gitaa nimelityuni vizuri, lakini noti zinapishana na diski. Nikipanda freti moja, bado zinapishana! – Msomaji, Sinza

Sikio lako liko sawa, wala gitaa halina tatizo. Tamthilia hizi zilipigwa kwenye filamu inayokwenda picha 24 kwa sekunde. Televisheni za Uingereza, kama zetu, zilifuata mfumo wa PAL wa picha 25 kwa sekunde. Njia rahisi kwa mafundi wa huko ilikuwa kuikimbiza filamu kidogo, na sauti ikakimbia nayo. Noti ya La ambayo gitaa lako linaipiga kwa hezi 440 inatoka kwenye diski kwa hezi 458. Ukipanda freti moja unafika 466. Diski imekaa katikati, hakuna freti itakayoipata.

Hakikisha kwanza. Weka programu ya kutyuni kwenye simu, isikilize noti kadhaa ndefu. Zikisomeka zote juu kwa kiasi kile kile, senti 70 hivi (nusu toni ni senti 100), basi ni PAL. Toa sauti ya diski uifungue kwenye Audacity (programu ya kompyuta ya kuhariri sauti), ichague yote, nenda kwenye athari inayobadilisha kasi na sauti kwa pamoja, andika 0.960. Usichukue ile inayobadilisha kasi peke yake. Wimbo utapungua mwendo, lakini noti zitabaki pale pale juu na utarudi kwetu na swali lile lile. Ukifanya sawa, sauti ya dakika 48 itakuwa dakika 50.

VLC, programu ya kuchezea video, nayo ina mtego. Ukipunguza kasi hadi 0.96, yenyewe huzuia noti zisishuke. Ingia kwenye mipangilio ya sauti, ondoa alama kwenye kipengele cha kunyoosha sauti, ndipo zitashuka. Zipo pia diski chache ambazo mafundi walishusha noti wakaacha mwendo wa mbio. Hizo programu ya simu itakuonyesha noti sahihi, lakini wimbo utauona una haraka. Hapo sasa, na hapo tu, tumia athari ya kasi peke yake, asilimia 4 chini.

Kwa upigaji: Rawhide (1959 hadi 1965) muziki ni wa Dimitri Tiomkin, maneno ya Ned Washington, mwimbaji Frankie Laine, na ile milio inayokatiza ni viboko. Mdundo wa farasi ni pigo moja refu na mawili mafupi, paa-kata, paa-kata. Piga nyuzi nene karibu kabisa na daraja, mkono wa kulia ukizizima kidogo. Ukipigia juu ya tundu, sauti inalainika, inakuwa rumba.

Mwaka wa sabini na kitu nilikuwa nasikia mluzi wa kauboi hapa mjini. Mjukuu wangu amepekua tamthilia zote kwenye simu, haupo. – Mzee, Kigamboni

Shikamoo mzee wetu. Mjukuu anatafuta kabati lisilo lake. Tanzania Bara haikuwa na televisheni mpaka 1994, kwa hiyo mluzi wa miaka ile uliusikia sinema, Empire, Avalon au kwingineko. Bila shaka ni wa Ennio Morricone, katika picha za Sergio Leone, Waitaliano wote wawili. Mwambie mjukuu akupigie hizi tatu. Kama mluzi unakwenda na gitaa na mlio wa kiboko, ni A Fistful of Dollars ya 1964. Kama ndani ya picha kuna saa ya mfukoni inayopiga muziki, ni For a Few Dollars More ya 1965. Na kama kuna sauti inayolia kama bweha, ni The Good, the Bad and the Ugly ya 1966. Morricone aliandikia tamthilia ya televisheni pia: wimbo wa msimu wa mwisho wa The Virginian, 1970 hadi 1971.

Kwenye televisheni yangu mpya farasi wote wamenenepa. – Msomaji, Mbagala

Picha ya zamani ni ya uwiano wa 4:3, na televisheni yako inaivuta ijaze kioo cha 16:9, hivyo kila kitu kinapanuka kwa theluthi moja. Bonyeza kitufe cha ukubwa wa picha kwenye rimoti, chagua 4:3, uyavumilie mabaki meusi pembeni. Kupima: simamisha picha kwenye gurudumu la gari la farasi lililokaa ubavu, weka rula. Kimo na upana vilingane. Kwenye VLC ni herufi A. Kama kofia zimekatwa juu, hiyo imekatwa kiwandani na hakuna rimoti ya kuirudisha.

Nina kanda za VHS za Gunsmoke, alituma shangazi kutoka Marekani. Ndani kuna unga mweupe. Niziweke kwenye deki nijaribu? – Msomaji, Tabata

Usithubutu, dada. Huo ni ukungu wa joto letu la pwani, ukigusa vichwa vya deki utahamia kwenye kila kanda utakayoweka baadaye. Zifungie kwenye ndoo yenye mfuniko pamoja na vipakiti vya kukaushia unyevu, siku saba, na zisipigwe jua kwa sababu kasha hupinda. Kisha vaa barakoa, fungua skrubu tano za chini, futa kingo za mkanda kwa kitambaa kisichoacha nyuzi kilicholoweshwa kidogo spiriti ya isopropili. Funga, uzungushe mbele hadi mwisho na kurudi mara moja kwenye deki mbovu mbovu usiyoijali.

Halafu tazama lebo. Ikiandikwa T-120 ni kanda ya kule, na ya dukani Marekani itakuwa mfumo wa NTSC, yaani wa televisheni za kule. Deki ya PAL pekee itakuletea picha nyeusi na nyeupe inayoporomoka, ukadhani ni ukungu. Tafuta deki ya mifumo yote kabla ya kununua kifaa cha USB cha kunasia video. Ila ukiona nyeusi na nyeupe iliyotulia, usimsumbue fundi: Gunsmoke ilianza 1955 na haikupata rangi mpaka 1966.