Alama ya X kwenye mabati: nani aandikwe kwanza?

SWALI

Wakili, salamu. Mimi ni mweka hazina wa chama cha akina mama huku Mukuru, mtaa wa mabanda Nairobi, tuko wanachama 34. Wiki jana vijana tusiowajua walipita wakipaka alama ya X nyekundu kwenye mabati yetu. Kesho yake tukakuta karatasi imebandikwa kwenye mlango wa choo: tuhame ndani ya siku saba. Ina muhuri lakini haina jina la mtu. Wengine wanasema ardhi ni ya serikali, wengine ya kampuni. Ploti mbili za upande wa barabara zimeshabomolewa usiku, na familia tatu tunazozijua zinalala kwenye kibaraza cha kanisa. Mama mmoja kati yao ana mtoto wa gredi ya sita. Tuanzie wapi: korti, mheshimiwa, ama tuchange hawa wapate mahali? Na sisi ni wapangaji tu, wenye nyumba hawaishi hapa. Tuna haki gani?

JIBU

Dada, poleni sana, wewe na jirani zako. Nianze na hiyo karatasi, maana ndiyo inayowanyima usingizi, na imekosewa.

Siku saba hazimo katika sheria. Sheria ya Ardhi ya 2012, ilivyorekebishwa mwaka 2016, inaeleza katika kifungu cha 152 jinsi watu wanavyoweza kuondolewa kwenye ardhi, na muda inaoutaja haupungui miezi mitatu. Ardhi ikiwa ya umma, Tume ya Kitaifa ya Ardhi ndiyo inayopaswa kuwajulisha kwa maandishi, kupitia Gazeti Rasmi la Serikali, gazeti moja linalosomwa nchi nzima, na tangazo la redio. Ikiwa ya mtu binafsi au kampuni, mwenyewe anawapa notisi ya maandishi. Mkiwa kundi kubwa, anatakiwa aichapishe katika magazeti mawili, aibandike mahali pasipopungua 5 ndani ya ardhi hiyo, na nakala aifikishe kwa naibu kamishna wa kaunti na kwa mkuu wa polisi wa eneo. Kwa hiyo lile bishano kwamba ardhi ni ya nani lisiwacheleweshe. Iwe ya serikali au ya kampuni, karatasi isiyo na jina kwenye mlango wa choo haitoshi.

Jina la mwenye ardhi mtalihitaji ili mjue mnamshtaki nani. Iandikieni barua Tume ya Ardhi na nyingine kaunti, muulize ubomoaji umeidhinishwa na nani na kwa mradi gani. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu, lakini habari ikigusa uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Semeni waziwazi katika barua kwamba kuna watoto wanaolala nje, na mzitaje hizo saa 48. Kisha hakikisheni nakala yenu imegongwa muhuri wa kupokelewa. Nimeona barua nzuri mno zikikataliwa kwamba hazikufika kamwe.

Kama ploti zenu ziko kando ya Mto Ngong, mtaambiwa habari ya mita 30. Kanuni za ubora wa maji za 2006 ziliweka kipimo kati ya mita 6 na mita 30 kutoka pale maji yalipowahi kufika yakifurika. Thelathini ni kiwango cha juu kabisa. Ombeni mpimaji aje apime na aonyeshe karatasi zake. Sisemi mto hauna hatari. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliua watu Nairobi, na sitaki mtoto yeyote alale mahali maji yanapopita. Lakini baada ya mafuriko hayo nyumba zilibomolewa Mathare na Mukuru, familia zikaahidiwa KSh 10,000 kila moja, na wengi walihitaji chumba siku ileile, kabla pesa yoyote haijafika. Kumhamisha mtu ni pamoja na kumwonyesha anakokwenda.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe, nayo ni daftari.

Nunueni daftari kubwa la kaunta, lile la jalada gumu, na mhesabu ploti zenu mlango kwa mlango. Kila mlango uwe na ukurasa: jina la anayeishi humo, namba ya kitambulisho, mwaka alioingia, kodi anayolipa na anamlipa nani, watoto wangapi na wanasoma shule gani, kama kuna mgonjwa, mzee au mwenye ulemavu. Kila mmoja aandike mwenyewe na aweke sahihi au alama ya kidole. Niliwahi kusaidia kesi ambayo orodha yake ilikuwa na majina 200 yaliyoandikwa kwa mwandiko mmoja. Wakili wa upande wa pili aliuliza swali moja tu: ni nani aliyethibitisha kwamba hawa watu wapo? Hatukuwa na jibu, na ilituchukua wiki nzima kurudia kazi, wiki ambayo tingatinga halikuisubiri.

Njia hii ina historia hukohuko kwenu. Muungano wa Wanavijiji, uliopo tangu 1996, umekuwa ukiwahesabu wakazi wa mitaa ya mabanda kwa mikono ya wakazi wenyewe. Takwimu za namna hiyo zilichangia Kaunti ya Nairobi kutangaza Mukuru kuwa Eneo Maalumu la Mipango ya Mji mwezi Agosti 2017, tangazo lililohusu Mukuru kwa Njenga, Kwa Reuben na Viwandani, kaya zaidi ya 100,000. Hesabu zilionyesha jambo ambalo akina mama walilijua siku zote: mtu wa Mukuru analipia ndoo ya maji bei kubwa kuliko mwenye bomba katika mtaa wa matajiri. Kabla ya hapo lilikuwa malalamiko. Likishaandikwa likaingia kwenye mpango wa jiji. Tangazo lile halikuzuia ubomoaji wa Mukuru kwa Njenga mwaka 2021, wakati barabara ilipopitishwa na maelfu ya watu wakalala katika mahema juu ya vifusi vya nyumba zao. Siwafichi hilo. Lakini waliokuwa na kumbukumbu walikuwa na kitu cha kuweka mezani.

Hapa ndipo swali lako kuhusu wapangaji linapoingia. Wenye nyumba wakisikia kuna hesabu, watakuja. Watataka waandikwe wao, kwa sababu wanatarajia fidia, na wengine watawaambia wapangaji wasijitaje. Msigombane nao, wapeni safu yao: mwenye mabati ni fulani. Safu ya anayeishi humo ni yenu. Ibara ya 43 ya Katiba inampa kila mtu haki ya nyumba inayofaa, na haikusema kila mwenye nyumba. Anayelala chini ya paa hilo ndiye anayepoteza makao, hata kama mabati si yake.

Na zile familia tatu za kibarazani? Hili ndilo linaloniuma zaidi katika barua yako, kwa sababu nimeona likienda vibaya mara nyingi. Watu wanapohesabu milango, aliyekwisha kubomolewa hana mlango, basi anarukwa. Baada ya mwezi majirani wanahama hapa na pale, hakuna tena anayekumbuka alikuwa ploti gani, na ukifika wakati wa kugawa vyumba au fidia anaambiwa hakuwahi kuishi pale. Anafurushwa mara ya pili, na safari hii ni sisi tuliomfurusha. Mwandikeni, na majirani wawili waliokuwa upande huu na ule wa chumba chake watie sahihi kama mashahidi.

Picha nazo mpige: alama za X, ile karatasi, vifusi, vyombo vilivyovunjika. Lakini simu iliyopiga itunzwe, msiiuze wala kufuta picha. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinadai cheti kinachoeleza picha ilipatikana vipi na kwa kifaa gani. Picha iliyozunguka WhatsApp mara kumi bila mwenyewe kujulikana itawapa shida.

Kuhusu korti, nendeni na msiogope gharama ya kuanza. Ibara ya 22 ya Katiba inasema hakuna ada ya kufungua ombi la kutetea haki za kimsingi, na kwamba korti ikibidi ipokee hata maandishi yasiyo rasmi. Mahali penu panapofaa ni Mahakama ya Mazingira na Ardhi, mkiomba kwa hati ya dharura amri ya kusimamisha ubomoaji hadi kesi isikilizwe. Kituo cha Sheria kimewasaidia wakazi wa mabanda tangu 1973. Pelekeni daftari, karatasi yenye muhuri, picha, nakala za barua, na watu wawili watakaokula kiapo.

Kesi ya kuishika ni ya Mitu-Bell, kijiji kilichokuwa jirani na uwanja wa ndege wa Wilson. Nao walipewa siku saba, na Novemba 2011 wakabomolewa ilhali amri ya korti ilikuwapo. Mahakama ya Juu iliamua tarehe 11 Januari 2021 kwamba watu wasio na ardhi wakijenga makao kwenye ardhi ya umma hawapati hatimiliki, lakini wanapata haki ya makao ambayo sheria itailinda. Ilikubali pia kwamba miongozo ya Umoja wa Mataifa inaweza kusaidia kuifasiri haki hiyo, na miongozo hiyo inakataza kubomoa usiku. Hilo la usiku linawahusu moja kwa moja. Tazama tena tarehe hizo: kutoka 2011 hadi 2021 ni karibu miaka kumi. Mtoto aliyekuwa gredi ya sita alikuwa mtu mzima. Kwa hiyo korti muitumie kupata amri ya muda, na ushindi wenyewe muutafute kwa njia zaidi ya moja.

Hata notisi ikiwa halali na miezi mitatu ikaisha, bado wabomoaji wanatakiwa wajitambulishe, waonyeshe idhini, maafisa wa serikali wawepo, na ninyi mpewe nafasi ya kwanza ya kung'oa mabati na mbao zenu. Afisa akikataa kujitambulisha, andikeni saa na namba ya gari.

Pesa. Najua moyo wa akina mama, mtataka kufungua sanduku leo. Msiguse akiba ya wanachama, kwa sababu hiyo ni ya watu 34 ambao huenda wote wakaihitaji mwezi ujao. Fungueni mchango wa pembeni, wenye ukurasa wake na watu wawili wa kutia sahihi, na msomewe kila wiki nani ametoa na nani amepokea. Kanisa lililotoa kibaraza liombwe lichangie pia. Kodi ya vyumba vipya vya familia hizo tatu mlipe kwa mwenye nyumba moja kwa moja, na muombe diposti isamehewe au ilipwe kidogo kidogo. Mkiwa kikundi kinachomdhamini mpangaji, wengi wao hukubali. Chumba kitafutwe karibu na shule ya yule mtoto. Nimeona familia zikipata chumba cha bei nafuu mbali, mtoto akakosa nauli, akaacha shule muhula huohuo. Pia zipelekeni familia zote tatu kituo cha polisi wakaandikishe vitambulisho na vyeti vya kuzaliwa vilivyopotea, wapate namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Bila hiyo kila ofisi itawarudisha.

Nyumba za serikali za bei nafuu haziwezi kuwaokoa mwezi huu, ila jiandikisheni Boma Yangu, mtandao wa serikali wa kuomba nyumba hizo. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu iliyotiwa sahihi Machi 2024 imetenga kundi la nyumba za kijamii kwa wenye mapato yasiyofika KSh 20,000 kwa mwezi, na hapo ndipo wengi wenu mlipo. Kila mwajiriwa anakatwa asilimia 1.5 kwa ajili ya nyumba hizi, na wengi wenu mnaofanya kazi viwandani mnakatwa. Mnayo haki ya kuuliza vyumba vingapi vya kundi lenu vimejengwa kwenye eneo lenu na nani amevipata. Mimi naona hilo ndilo swali la kumpelekea mheshimiwa, mkiwa na daftari mkononi, badala ya kumwomba mablanketi.

Chama chenu, kama hakijasajiliwa, kisajiliwe chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022. Watu 10 wanatosha, ninyi mko 34.

Jumapili mtakapokutana, mtoto wa yule mama aketi karibu na anayeandika, asaidie tahajia. Ukurasa wa kwanza uwe wa mama yake. Penye namba ya mlango andikeni ileile aliyokuwa nayo kabla ya usiku ule.