Maswali ya wasomaji: mikwaruzo midogo kwenye rangi ya gari

SWALI: Gari langu ni jeusi na halijawahi kupakwa rangi upya. Likiwa kivulini linaonekana safi, lakini likipigwa na jua boneti nzima huonekana imejaa mikwaruzo myembamba ya mizunguko kama utando wa buibui. Mtu mmoja amenishauri nisugue kwa dawa ya meno, na mwingine anasema dawa yake ni kupaka rangi upya. Nifuate ushauri upi?

JIBU: Ndugu msomaji, tunakuomba usifuate hata mmoja kabla hujajua mikwaruzo hiyo imeingia kina gani. Rangi ya magari mengi ya kisasa hupakwa kwa matabaka: praima inayoshika bati, kisha rangi yenyewe, na juu kabisa vanishi angavu, ambayo ndiyo inayong'aa na kuikinga rangi isipauke kwa jua. Kwa kawaida vanishi hiyo ina unene wa maikroni 40 hadi 50 hivi, yaani ni nyembamba kuliko karatasi ya kuandikia. Mikwaruzo unayoieleza karibu daima huwa imeishia humo. Kwa hakika haikujipanga kwa mizunguko. Imelala kila upande, ila jua humulika ile tu iliyokingama na mwanga wake, na ndiyo maana ukisogea, duara nalo husogea.

Osha gari, likaushe, kisha pitisha ukucha taratibu kukatiza mkwaruzo. Ukucha ukiteleza bila kunasa, polishi inatosha. Ukinasa, huenda polishi ikaufifisha tu, na si busara kulazimisha uishe kabisa. Ukiona weupe au kijivu cha praima ndani yake, hapo polishi haina kazi, kwa kuwa panahitaji kupakwa rangi kidogo mahali hapo.

Jambo ambalo tungependa kila mwenye gari alielewe ni kwamba polishi haizibi mkwaruzo, bali inaila vanishi iliyo kando yake mpaka uso mzima ushuke usawa na chini ya mkwaruzo huo. Kilicholiwa hakirudi. Kwa sababu hiyo anza na polishi laini na sifongo laini, ujaribu sehemu ndogo ya kama sentimita 50 kwa 50, uitazame kwa tochi, na uongeze ukali pale tu unapoona haikusaidia. Wengi huanza na dawa kali ili wamalize haraka, na hilo linatusikitisha, kwa sababu gari ambalo vanishi yake imelika kupita kiasi huishia kubabuka, na hapo ndipo rangi mpya inapokuwa haina budi.

Dawa ya meno ina chembe zinazosugua, lakini hazikupimwa kwa ajili ya vanishi ya gari. Inaweza kuacha ukungu mahali palipokuwa paking'aa. Iache.

Siku ya kazi, gari liwe kivulini na bati liwe limepoa. Baada ya kuosha, pitisha kiganja juu ya boneti: ukihisi vijipunje, viondoe kwanza kwa udongo maalumu wa kusafishia rangi, ukiutelezesha juu ya uso uliolowanishwa vizuri, maana punje moja ikibaki chini ya sifongo itachora mikwaruzo mipya. Bandika utepe wa karatasi kwenye kingo za milango na mikunjo ya bodi, ambako vanishi huwa nyembamba zaidi. Kwa mikono kazi hii inawezekana kwenye sehemu ndogo. Kwa boneti nzima, mashine ambayo sifongo yake huzunguka huku ikiyumba ni salama kwa asiye fundi kuliko ile inayozunguka tu, ambayo hupasha rangi joto upesi na inaweza kuiunguza. Matone machache ya polishi yanatosha. Tembeza mashine polepole, kila mpito ukifunika nusu ya uliotangulia, na usafishe sifongo mara kwa mara. Ukimaliza, paka waksi, kwa kuwa polishi huondoa pia kinga iliyokuwapo.

SWALI: Nilipeleka gari likang'arishwa, likarudi bila mkwaruzo hata mmoja. Baada ya kuoshwa mara chache, mikwaruzo imerejea. Imetoka wapi?

JIBU: Ikiwa ni ile ile na mahali pale pale, haikuwa imeondolewa. Baadhi ya bidhaa zina mafuta na waksi zinazojaza mikwaruzo ili isionekane, kisha sabuni huzitoa. Safari nyingine, kabla ya kupokea gari, omba sehemu moja ifutwe kwa alkoholi ya isopropili iliyozimuliwa kwa maji. Kinachoonekana baada ya hapo ndicho hali halisi ya rangi.

Ikiwa ni mipya, chunguza uoshaji wako. Usifute vumbi kavu kwa kitambaa, hata kiwe laini namna gani. Mwagia gari maji kwanza ili mchanga uondoke, tumia ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia kitambaa kabla ya kukirudisha kwenye sabuni, anzia paa ukishuka chini, na magurudumu yawe na kitambaa chake. Kausha kwa taulo safi la maikrofaiba, na likianguka chini, usilitumie tena mpaka lifuliwe.