Maswali ya gemu: Baldur's Gate 3 inanishinda, nianzie wapi?

*Shikamoo anko. Bro ameniwekea Baldur's Gate 3 kwenye kompyuta yake, nimecheza siku nne na kila pambano nakufa. Shadowheart, mmoja wa wenzangu humo, anapiga moto anakosa, anapiga tena anakosa. Nimeshaanza upya mara tatu. Ni mimi au ni gemu? Msomaji, Mbeya*

Marahaba mdogo wangu. Usianze upya mara ya nne tafadhali, hauna tatizo lolote, ni kwamba gemu hii haikufundishi vitu vyake vizuri. Ilitoka Agosti 2023, wameitengeneza studio ya Larian ya Ubelgiji, na kanuni zake zinatoka Dungeons & Dragons, ule mchezo wa mezani wa dadu la pande 20. Kila pigo ni dadu linarushwa. Sasa huo moto wa Shadowheart, Fire Bolt, unapimwa kwa akili yake, yani Intelligence, na yeye ni kasisi, nguvu yake iko kwenye Wisdom, yani hekima, akili yake ni ya kawaida tu ndo maana anakosa. Achana na Fire Bolt kabisa. Tumia Guiding Bolt, hiyo inaenda na Wisdom, ina damage nzuri, na ikimpata adui basi anayefuata kumpiga anarusha dadu mbili anachukua kubwa.

Ila kikubwa zaidi, na hapa naomba unisikilize, wengi wakianza wanacheza kama mtu mmoja mwenye wasindikizaji watatu. Wewe unapigana, wale wengine unawabofyabofya tu zamu iishe. Hapana. Ni watu wanne na kila mmoja kwenye zamu yake ana vitu vitatu: action, bonus action na mwendo. Ukimaliza zamu hujagusa bonus action umetupa kitu, maana kunywa dawa ni bonus action, kumsukuma mtu aanguke bondeni nayo ni bonus action.

Chukua lile pambano la getini, magoblini, yale mazimwi madogo, wanavamia pale Emerald Grove, kijiji cha msituni cha mwanzoni mwa gemu. Kabla hujaingia simama, panda kwenye mawe, ukiwa juu unaongezewa 2 kwenye dadu la kupiga na ukiwa chini kabisa unakatwa 2. Zamu ya Shadowheart awawekee Bless watu watatu, inaongeza 1 hadi 4 kwenye kila dadu lao la kupiga, halafu yeye akae nyuma, maana Bless inataka utulivu wa akili, akipigwa inaweza kukatika, na akiwasha speli nyingine ya aina hiyo ya kwanza inazima. Lae'zel, mwenzako mpiganaji, asogee mpaka ubavuni kwa goblini mmoja. Astarion sasa, mwenzako mwizi, akiwa kule juu, ampige mshale goblini HUYOHUYO kwa Sneak Attack, yani pigo la kuvizia lenye damage ya ziada, na inakubali kwa sababu Lae'zel yuko pale karibu naye. Goblini kaisha. Unaona? Hakuna aliyefanya ajabu, ni mpangilio tu. Na mmalizeni mmoja kabla ya kwenda kwa mwingine, adui aliyebakiwa na damu kidogo anakupiga sawasawa na aliyejaa, ukiwajeruhi watano nusunusu bado wanakupiga watano.

Mtu wako akianguka usipaniki, hajafa bado, anarusha dadu za kupigania roho na akifeli tatu ndo anaondoka. Shadowheart ana Healing Word, anaituma kutoka mbali na ni bonus action, kwahiyo anamuinua mwenzake na bado ana action yake ya kupiga. Wakilala wawili sehemu moja rusha chupa ya dawa chini katikati yao, itawarukia wote. Hii nilikuja kuigundua nimeshacheza wiki nzima, na nakwambia leo ili wewe usichelewe.

*Kaka habari, mimi naogopa kulala kambini. Kwenye stori wanasema tuna mdudu kichwani tutageuka mazimwi, sasa nikilala si nitachelewa? Speli zimeisha naenda hivyohivyo. Msomaji, Mombasa*

Lala dada, lala bila wasiwasi. Stori inakupa presha lakini hakuna saa inayohesabu siku za huyo mdudu. Tena usipolala unakosa mambo mazuri sana, maana wenzako wengi wanafunguka usiku kambini. Kulala kwa kiwango cha kawaida kunakula chakula cha 40, kwahiyo kila mkate na kila samaki unayemuona okota, kama mzigo ni mzito bofya utumwe kambini. Kabla ya kulala una mapumziko mafupi mawili, yatumie yote, hasa kwa Wyll, mwenzako mwingine, maana speli zake zinarudi hapo hapo.

Angalizo moja tu. Ukifika mahali panaungua au mtu analia msaada palepale, maliza kwanza ndo ulale. Kuna nyumba ya wageni inaungua huko mbele, ukiiona halafu ukaenda kulala, unarudi watu wameshakufa. Na usevu kila wakati, kwenye kompyuta ni F5, kabla ya mlango na kabla ya kuongea na mtu usiyemjua.

*Nimemchagua mchawi na najuta. Nifute? Msomaji, Nakuru*

Usifute. Karibu na ule ufukwe wa mwanzo kuna magofu, ndani kuna mfu mmoja anaitwa Withers, ukimfungua anahamia kambini, na hata usipompata atakuja mwenyewe. Kwa dhahabu 100 anakubadilishia klasi yote, yani aina ya mhusika wako, uanze upya na levo zako zilezile, wenzako nao vivyo hivyo. Kwa 200 anafufua. Mimi kwa anayeanza namshauri mpiganaji, Fighter, lakini vumilia mpaka levo ya 5 kabla hujamhukumu mchawi, hapo ndo anapata Fireball, speli ya mpira wa moto, na utamuelewa.

*Laptop yangu ina RAM 8, itacheza? Msomaji, Kampala*

RAM 8 ndo kiwango cha chini kabisa, ila unahitaji kadi ya picha ya kueleweka, wao wanasema angalau GTX 970, na SSD yenye nafasi ya GB 150. Kama laptop ni ya ofisi tu usimalize bando lako kuishusha.

*Nilikuta mkono wa mtu unatoka kwenye jiwe linalozunguka rangi ya zambarau, nikaogopa nikaondoka. Nimekosea? Msomaji, Tanga*

Huyo ni Gale, mchawi, na ni mmoja wa wenzako! Ukiwa bado uko maeneo yale ya mwanzo atakuwa palepale. Baadaye atakuomba vitu vyenye uchawi, kwahiyo vile dhaifu usivyovaa usiuze vyote, mtunzie. Rudi ukauvute huo mkono.