Saumu ya Shangazi na Habari Niliyoisambaza

Mimi ni mzaliwa wa Wete, Pemba, mwanafunzi wa mwaka wa tatu ninayesoma Unguja na kukaa dahalia huko Tunguu. Ninayoyaandika hapa yanahusu vyombo vya habari na namna vinavyoyaendesha maisha yetu ya kila siku, lakini sitaanza na nadharia za darasani, kwa sababu nadharia hizo nilizisoma, nikazijibia mtihani na kufaulu, kisha nikafanya kosa ambalo hata mtoto wa chuo cha Kurani angeliona aibu kulifanya.

Ilikuwa Ramadhani ya mwaka juzi, jioni ya mfungo wa ishirini na tisa, nami nimerudi nyumbani kwa likizo. Tulikwisha kufuturu, sahani za mihogo na samaki zilikuwa bado zipo mkekani, na vijana wa mtaani walikuwa wamesimama upande wa machweo wakiyatazama mawingu kama wanaosubiri jahazi. Simu yangu ikalia. Ilikuwa sauti iliyorekodiwa, fupi, ya mwanamme mwenye lafudhi yetu kabisa ya Kipemba, anahema kama aliyekuwa akikimbia, anasema: "Jamani mwezi umeonekana, tayarisheni sikukuu." Hakujitaja jina wala kijiji, na hakusema kama aliuona yeye au aliambiwa. Niliisikiliza mara moja tu, nikaituma katika kundi la familia, na chini yake nikaandika kwa mkono wangu mwenyewe: "Mwezi umeonekana. Iddi Mubarak."

Baadaye usiku huo tangazo rasmi la Mufti likasomwa redioni kwamba mwezi haukuonekana na Waislamu wakamilishe thalathini. Nikaufuta ujumbe wangu, nikaomba radhi kwa maneno mawili, nikaona yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Shangazi yangu anaishi Mtambwe na wajukuu wawili, na simu yake ni kitochi. Mmoja wa wajukuu hao, mwenye simu kubwa, aliusoma ujumbe wangu mapema, akamwambia bibi yake, kisha simu ikazimika kwa kukosa chaji na nyumba nzima ikalala. Shangazi aliamka alfajiri akaoga, akala tende tatu na kikombe cha chai, kwa kuwa ni sunna mtu kula kitu kabla ya kwenda kusali Iddi el Fitri, akajitanda kanga mpya na kukaa kibarazani kungojea wenziwe wa kwenda nao. Alishangaa kwamba hakusikia takbira hata moja tangu usiku. Akajiambia kuwa umeme wa msikitini umekatika. Alikaa pale mpaka jirani alipopita na ndoo ya maji akamuuliza kwa nini amevaa vile.

Siku ile alijizuia kula mpaka magharibi, na baada ya sikukuu akaifunga tena ili kuilipa. Nilipokwenda kumtaka radhi, nilijitayarisha kuilaumu mitandao, nikaanza kumweleza kwamba siku hizi simu zimejaa uongo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Mwanangu, mimi sikuiamini simu. Mimi nilikuamini wewe."

Neno lile limenikaa kichwani kuliko mihadhara yote niliyoihudhuria. Tunazoea kusema kwamba habari za mitandaoni hazina mwenyewe, na ndivyo nilivyokuwa nikiamini. Lakini ile sauti isiyokuwa na jina ilipata jina pale nilipoituma mimi. Katika macho ya shangazi, aliyeuona mwezi alikuwa ni mtoto wa kaka yake, msomi, ambaye hajapata kumwambia uongo. Mimi ndiye niliyeiazima ile habari heshima yangu, tena bila ya kuulizwa.

Nikiwa mdogo chuoni, ustadhi wetu alitufundisha kwamba hadithi ya Mtume ina sehemu mbili, matini na sanad. Matini ni maneno yenyewe, na sanad ni mlolongo wa watu walioyapokea, fulani kutoka kwa fulani, na wanazuoni waliweza kuyaweka kando maneno mazuri kabisa kwa sababu tu katika mlolongo ule mmekatika pete moja au mmeingia mtu asiyejulikana. Tulilikariri somo lile kama shairi, na haikunipitikia hata siku moja kwamba linahusu pia simu iliyokuwa mfukoni mwangu. Mwandamo wa mwezi wenyewe una utaratibu uo huo: anayedai kuuona huulizwa ameuonea wapi, saa ngapi, yuko na nani. Yule mwanamme aliyekuwa akihema hakuulizwa chochote na mtu yeyote, mimi nikiwa wa mwanzo.

Tangu siku ile nimekuwa nikiyatazama kwa jicho jingine mambo ya zamani ambayo sisi vijana tunayacheka. Kwa mfano, matangazo ya vifo katika redio ya Zanzibar. Nilipokuwa skuli niliyaona kama kitu cha kuchosha, ile orodha ndefu ya kwamba marehemu ni mama wa fulani, na dada wa fulani wa Gando, na shangazi wa fulani aliyeko Dar es Salaam, na kwamba maziko ni saa saba mchana kijijini kwao. Sasa naona kwamba orodha ile ndiyo sanad ya habari. Huwezi kumzushia mtu kifo kwa urahisi pale ambapo ndugu zake wote wametajwa na mahali pa kaburi pamesemwa, kwani yupo atakayesimama akasema huyo ni mama yangu na yuko hai. Babu alikuwa akisikia tangazo kama hilo hupunguza sauti ya redio, hufikiri kidogo akiyapanga majina kichwani, kisha husema, "Huyu ni wa kwetu," na kuinuka kutafuta kofia yake.

Sisemi kwamba redio haijapata kutumika vibaya, kwa sababu visiwa hivi vinajua nguvu ya sauti isiyokuwa na uso. Tarehe 12 Januari 1964 wengi wa wazee wetu waliyajua Mapinduzi kwa kumsikia redioni John Okello, kiongozi wa wapiganaji, mtu ambaye walikuwa hawajapata kumwona wala kumsikia, na wapo ambao hadi leo wakisimulia siku ile, husimulia ile sauti kabla ya kitu kingine chochote.

Tukio jingine nililishuhudia mwenyewe nikiwa mtoto. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, na asubuhi yake nyumba yetu ilijaa watu. Kila simu iliyolia ilileta jina tofauti. Jirani yetu mmoja aliambiwa kwamba mwanawe amekufa, kisha kwamba ameonekana hospitali, kisha kwamba hakusafiri kabisa, na kila mara alilia upya. Babu aliwakataza watu kuanza msiba wowote ndani ya nyumba yake mpaka apatikane mtu aliyeko Nungwi, aliyesimama ufukweni na kumwona kwa macho huyo anayetajwa. Wakati ule nilimwona mkaidi. Wanawake wengine walimwona mgumu wa roho. Kumbe alikuwa akiwakinga watu wasilie mara tatu kwa kifo kimoja, au kwa kifo ambacho hakikuwepo.

Nimesema habari, lakini si habari peke yake inayotubadilisha. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, takriban miaka ishirini kabla ya Tanzania Bara kufunguliwa vituo vyake vya mwanzo mwaka 1994, kwa hiyo kuathiriwa na picha si jambo tulilolianza jana. Siku hizi kwetu Wete, saa ya tamthiliya za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili, mtu hapigi hodi nyumba ya watu ila ana jambo zito, na akikaribishwa hukaribishwa kwa jicho moja. Binamu yangu aliposwa mwaka jana, mazungumzo ya singo ya kumsugua mwili na somo wa kumfunda yalimalizika upesi, bali ukumbi, kichenpati na namna atakavyoingia mbele ya kamera vilijadiliwa wiki nzima, na hakuna aliyeweza kusema desturi hiyo tumeipokea kwa nani. Tamthiliya haidai kusema kweli, kwa hiyo hatuisimamishi mlangoni kuiuliza inatoka wapi. Inapita, inakaa, na baada ya miaka miwili tunaiita mila. Sina hakika kwamba hilo ni baya kila mara, maana na taarabu nayo iliwahi kuwa ngeni. Ninachokiona ni kwamba mwenye kulipa gharama ni baba wa bi harusi, mchuma karafuu, ambaye hata kuitazama tamthiliya yenyewe haitazami.

Nikirudi kwenye habari, nataka kueleza ninavyofanya sasa, kwa anayetaka kujaribu. Kwanza nilinunua daftari dogo, na kwa muda wa Rajabu na Shaabani zilizofuata nikawa naandika kila jambo lililonifikia kwa simu ambalo lilinishtua, na mbele yake naandika jina la aliyeliona kwa macho yake. Ukurasa wa kushoto ulijaa upesi. Wa kulia ulibaki mweupe kiasi cha kunitia haya. Sikuhitaji mhadhara mwingine baada ya hapo.

Daftari lile lilinifunza pia kuliogopa neno "leo". Habari nyingi za uongo si za uongo tangu mwanzo. Zilikuwa kweli siku moja, mahali pamoja, kisha zikafutwa tarehe. Kaka yangu mmoja ni mvuvi wa dagaa huko Tumbe, na dagaa huvuliwa katika usiku wa giza, kwa hiyo usiku mmoja una thamani yake. Alipokea ujumbe kwamba "leo usiku" kuna upepo mkali, wavuvi wasitoke. Hakutoka. Bahari ikalala kama maziwa kwenye bakuli, na baadaye tukagundua kuwa ujumbe ule ulikuwa ukizunguka tangu mwaka uliopita. Hasara ya usiku mmoja aliimeza, na mwenyewe alisema bora kukosa dagaa kuliko kukosa roho. Ubaya ulikuja wiki chache baadaye, pale lilipotoka onyo la kweli naye akalicheka. Alirudi mzima, alhamdulillahi, lakini tanga limechanika na mwenziwe ametapika nyongo. Tangu hapo ninamsomea utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, ambao hutolewa kila siku na una tarehe na muda wake, na yeye hunikatiza kila mara kwa kuuliza, "Leo ya tarehe ngapi?"

Kuhusu asubuhi sina mengi. Naiacha simu chumbani mpaka niwe nimekwisha kunywa chai, kwa sababu nimejipima na kujiona kwamba nikianza siku na habari za watu nisioweza kuwasaidia, hata wale ninaoweza kuwasaidia huwajibu kwa ukali. Wenzangu wa dahalia wananicheka kwamba nakosa mambo. Kweli nakosa, lakini yale ya muhimu kuna mtu huja kuyasema mlangoni.

Wapo wanaonikumbusha kwamba sheria ipo. Ni kweli, Sheria ya Makosa ya Mitandao ya mwaka 2015 inatumika Zanzibar pia, na kusambaza taarifa za uongo kwa makusudi ya kupotosha ni kosa ndani yake. Ila mimi sikukusudia kumpotosha mtu, nilikusudia kuwa wa kwanza kutoa habari njema katika kundi la familia, na sijui ni sheria gani inayoweza kumzuia mtu asitake hilo. Kwa upande wangu kilichonizuia ni uso wa shangazi yangu siku ile, na kanga yake mpya ambayo alikuwa ameshaikunja na kuirudisha sandukuni.

Ramadhani iliyopita nilikuwa tena nyumbani jioni ya ishirini na tisa. Mawingu yalikuwa mazito na redio ya bibi ilikuwa imewashwa tangu alasiri, inasubiriwa. Kabla ya isha sauti mbili zilikwisha kuingia katika kundi la familia, moja inasema mwezi umeonekana, nyingine inasema haukuonekana, na zote mbili ziliapa kwa Mwenyezi Mungu. Sikuzigusa. Kisha simu ikalia, na safari hii alikuwa shangazi mwenyewe, kwa kitochi chake, huku nyuma yake nikisikia wajukuu wakibishana.

"Abee shangazi, shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Watoto hapa wanasema sikukuu. Umeuona wewe?"

"Sijauona, shangazi. Na redio haijasema."

"Haya," akasema, "basi mimi nabandika uji wa daku."