Gari la mchangani la kwanza: tafuta kiti kabla ya kukata bomba

Wanaoniuliza jinsi ya kujenga bagi, lile gari dogo la wazi la kupandia matuta ya mchanga, karibu wote huanza na injini. Iwe na nguvu kiasi gani? Itakimbia vipi? Mimi huwauliza kama wameshapata kiti. Wengine hudhani ni mzaha.

Fremu ya bagi ni kizimba kinachojengwa kumzunguka mtu aliyeketi. Magoti yake yanahitaji nafasi, kichwa chake chenye helmeti kinahitaji nafasi zaidi, na miguu lazima ifikie pedali bila kujinyoosha. Ukikata mabomba kwa kufuata mchoro ulioupenda kwenye intaneti kisha ndipo utafute kiti, utajikuta unaukalia usukani. Kwa hiyo kusanya kwanza kila kitu kizito: kiti, magurudumu manne yakiwa na rimu zake, injini, ekseli, usukani. Vipange sakafuni jinsi vitakavyokaa, inua injini kwa vipande vya mbao hadi kimo chake, kisha keti. Mtu mwingine achore kwa chaki. Bagi langu lilianza hivyo, na vipimo vya chaki ndivyo nilivyovifuata hadi mwisho.

Na vitu hivyo vizito usivitengeneze mwenyewe. Hapa ndipo wanaoanza wanapojichosha bure. Bruce Meyers, Mmarekani aliyelipa bagi umbo tunalolijua leo kwa gari lake la Meyers Manx la mwaka 1964, alitengeneza bodi ya faibaglasi, lakini injini, giaboksi na sehemu nyingine za mwendo alizichukua kwenye Volkswagen Beetle. Mwaka 1967 yeye na Ted Mangels waliendesha bagi la namna hiyo kutoka La Paz hadi Tijuana, nchini Meksiko, kwa saa 34 na dakika 45, wakavunja rekodi ya pikipiki. Beetle ilifaa kwa sababu injini yake iko nyuma, na uzito wake unayakandamiza magurudumu yanayosukuma, inapozwa na hewa bila rejeta, na mfumo mzima wa mbele unafunguliwa kwa bolti ukiwa kipande kimoja. Kazi yako ya kwanza ya kuunda chuma iwe fremu. Mengine yaazime kutoka kwenye chombo kilichokwisha kufanya kazi.

Leo wengi wetu tunatumia injini ya pikipiki, na ni chaguo zuri: klachi na giaboksi vimo ndani yake, na nguvu hutoka kwa cheni. Ina kasoro mbili. Ya kwanza, pikipiki nyingi hazina gia ya kurudi nyuma. Kwa bagi jepesi la mtu mmoja, utashuka usukume, na sioni haja ya kuongeza mzigo wa giaboksi ya pili. Ya pili ni kubwa zaidi. Injini ile ilizoea kupigwa na upepo wa mbele, nawe unaificha nyuma ya mgongo wako. Kama inapozwa na hewa, iwekee feni au kidaka-upepo tangu mwanzo.

Ekseli ya nyuma isiyo na difu, yaani gia zinazoruhusu gurudumu la kushoto na la kulia kuzunguka kwa kasi tofauti, inatosha mchangani, maana tairi linateleza kidogo kila unapokata kona. Kwenye ardhi ngumu itakataa kukunja na itataka kwenda moja kwa moja. Na ukiweka ekseli kwenye mkono unaopanda na kushuka, bawaba ya mkono huo iwe karibu kabisa na sproketi ndogo ya injini, ile gia inayovuta cheni. Ikikaa mbali, cheni italegea na kukaza kila gari linaporuka, mpaka itoke.

Sasa mabomba. Mabagi mengi madogo hutumia bomba la duara la kipenyo cha nje cha milimita 38 hivi, lenye unene wa ukuta wa milimita 2.5 hadi 3. Bomba la fanicha, lile la milimita 1.2, liache kwenye fanicha. Bomba la maji nalo liache: limepakwa zinki, na zinki ikiungua hutoa moshi mweupe unaoleta homa na kutetemeka usiku ule ule. Kwa anayeanza, sioni aibu sehemu ya chini ya fremu kuwa ya bomba la mraba. Linakatwa kirahisi, linakaa sawa sakafuni, na pembe zake unazipima kwa bevu ya kawaida. Kizimba cha juu ndicho kiwe cha duara.

Upinde mkuu, ule unaopita nyuma ya kichwa, uwe bomba moja lililokunjwa, bila kiungo katikati. Usilikunje kwa jeki ya kusukuma inayobonyeza bomba hadi likunjamane upande wa ndani, maana hapo ndipo litakapovunjika gari likipinduka. Mpelekee mwenye mashine ya kukunja yenye kalibu inayolingana na kipenyo cha nje. Kazi nyingine zote za fremu unaweza kuzifanya kwa mabomba yaliyonyooka, mradi kila mraba uukate kwa mshazari uwe pembetatu mbili. Mraba usio na mshazari unalala upande ukisukumwa, hata uwe wa chuma kinene namna gani.

Mahali bomba linapokutana na jingine, ncha yake ichongwe mdomo wa kulikumbatia. Zungushia karatasi, chora, kata kwa grenda, jaribu, chonga tena. Ni kazi ya kuchosha na haina njia ya mkato. Pengo ambalo ukucha unaingia ni kubwa mno, na ukilijaza kwa kuchomelea tu utapata kiungo kinachopendeza machoni na kudanganya.

Kuchomelea kwenyewe jifunze kwenye vipande vya mabomba yale yale utakayotumia. Mashine ya waya yenye gesi, kwa waya wa milimita 0.8, ni rahisi kwa kuta nyembamba, ila upepo ukipita unaifukuza gesi na mshono unajaa matundu. Elektrodi ya milimita 2.5 nayo inafanya kazi kwa mkono uliotulia, lakini itakutobolea bomba mara nyingi kabla hujaizoea. Unganisha vipande viwili, bana kimoja kwenye jiliwa, kingine kipige nyundo mpaka kitu kikubali. Bomba likipinda na mshono ukabaki mzima, nenda kwenye fremu. Mshono ukibanduka, bado hujafika. Kisha kata mshono mwingine katikati uone kama chuma kimeyeyuka na kuingia au kimelala juu tu.

Fremu nzima ishikize kwanza kwa vidoti vidogo, usichomelee mshono kamili hata mmoja. Pima mishazari yote, pima tena, rudi ukae kwenye kiti. Ndipo uchomelee, ukirukaruka huku na huku: mshono mfupi kushoto, mwingine kulia, mmoja mbele, mwingine nyuma. Chuma kinapopoa hujivuta, na ukimaliza upande mmoja kabla ya mwingine fremu itapinda.

Na hili halina mjadala: usichomelee chuma kilichosafishwa kwa dawa ya breki yenye klorini, kwa sababu moto wake huweza kuigeuza kuwa gesi ya fosjini, ambayo inaua. Tanki lililowahi kutiwa petroli usiliguse kwa moto kabisa.

Mbele, kama umepata mfumo kamili kutoka chombo kingine, ufunge ulivyo na usihamishe vituo vyake. Ukitengeneza mwenyewe mikono inayoshika magurudumu, angalia tairodi, fimbo inayounganisha usukani na gurudumu. Ncha yake ya ndani ikae kwenye mstari mmoja na bawaba za mikono, la sivyo kila tuta litakugeuzia usukani. Toa springi, inua gurudumu kwa jeki toka chini hadi juu, utazame kama linageuka lenyewe. Jaribio hilo halina gharama, na linafaa kufanywa kabla mabano hayajachomelewa kabisa. Bolti za mikono ziwe za daraja la uimara la 8.8 au zaidi, na kila moja ishikwe na bano pande zote mbili. Bolti inayoning'inia upande mmoja hukatika.

Fremu ikisimama juu ya magurudumu utadhani umefika nusu. Hujafika. Mabano, pedali, waya wa kuongezea mafuta, tanki, ekzosi, kinga ya cheni, ukuta wa chuma kati yako na injini, swichi ya kuzima inayofikika ukiwa umefungwa mkanda: hivyo ndivyo vinavyokula muda, na kila kimoja kinataka kipande kidogo ambacho hakiuzwi popote. Kwangu hicho ndicho kipindi nilichokipenda zaidi, ingawa rafiki zangu wengi waliacha mabagi yao hapo, yakawa stendi za kuanikia nguo.

Siku ya kuliendesha, tafuta uwanda tambarare, vaa helmeti, funga mkanda wa pointi nne, uende gia ya kwanza na kusimama, kwenda na kusimama, mpaka uziamini breki. Kisha kaza upya kila bolti na uchunguze kingo za kila mshono kwa tochi. Ufa huanza kama uzi mweusi pembeni mwa mshono. Kwa sababu hiyo rangi isubiri hadi gari limepigwapigwa vya kutosha, na ikija iwe nyepesi, nyeupe au kijivu, iliyopakwa mkono mmoja tu, ili ufa mpya ukitokea uonekane.