Mradi wa dagaa na faili langu nene

Mwaka wa kwanza kufundisha kwa mradi, yaani wanafunzi wanachunguza swali la kweli mtaani badala ya kunisikiliza mie ubaoni, mie nilijiandaa mpaka nikapitiliza, faili nene kama la mahakamani, kila dakika imepangiwa kazi yake, nani anauliza nini nani anaandika, hadi majibu nilikuwa nayo tayari maana niliogopa mtoto asije akaniuliza kitu nikabaki nimetoa macho. Swali lilikuwa kwanini bei ya dagaa hapa Tanga inapanda na kushuka. Form two, hesabu na jiografia pamoja. Siku ikafika tukateremka Deep Sea, pale wavuvi wanaposhushia samaki, asubuhi na madaftari na mizani ya kuazima, tukakuta pwani pametulia, watu wanashona nyavu. Dagaa hakuna.

Kumbe ilikuwa tarehe 15 ya mwezi wa Kiislamu. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, wanafuata mwanga, sasa mbalamwezi imewaka bahari nzima hiyo taa yako nani ataiona? Kijana mmoja ambaye baba yake mvuvi akasema taratibu, "Madam, mie nilijua." Sasa mbona hukusema? "Hukuuliza. Na karatasi uliyotupa haina pa kuandika hilo."

Iliniuma kuliko nauli ya daladala.

Muhula uliofuata nikageuka kabisa, nikasema basi waamue wenyewe kila kitu. Chuoni tulimsoma Kilpatrick, yule msomi wa elimu wa Kimarekani, na makala yake ya 1918 kuhusu kufundisha kwa mradi, eti mtoto afanye kazi anayoikusudia kwa moyo wote, nikaona ndo hii sasa. Nilichemka. Wiki tatu zimeisha kundi moja bado linagombania uongozi, jingine limekopi la jirani mpaka makosa, wale wapole hawajafungua mdomo. Najiita mwezeshaji, kumbe nakwepa kazi tu.

Siku hizi naandaa vile ambavyo vikiharibika siku yenyewe havirekebishiki: ruhusa ya mkuu wa shule, barua za wazazi, kuonana na wavuvi kabla, maji yanajaa saa ngapi na yanakupwa saa ngapi. Na tarehe za kila kundi kunionyesha walichopata, hata kama ni nusu ukurasa. Hizo tarehe usizilegeze hata kidogo, mwalimu mwenzangu, ukizilegeza umekwisha. Swali la mradi nalala nalo siku mbili tatu. Yaliyobaki nawaachia. Ila kabla ya yote natumia kipindi kizima kuuliza nani kwao kuna mvuvi, nani mama yake anakaanga, nani anachuuza, wanaongea mie naandika, na hayo maandalizi hayali hata karatasi.

Mradi wa dagaa tuliurudia. Wakaandika bei ya sado, lile kopo la kupimia sokoni, kila siku toka mwandamo hadi mwandamo, kalenda hawakuhitaji, tarehe za mwezi wanazijua toka nyumbani. Kundi moja likachora mwezi wenyewe chini ya grafu, unanenepa unakonda, na bei ya wabichi juu yake inapanda kadri mwezi unavyojaa. Mie nisingewaza hata siku moja.

Halafu binti mmoja akauliza mbona wakavu hawakupanda sana? Sikujua, nikamwambia ukweli, nenda kamuulize mama wa sokoni. Kesho yake akaja anacheka: "Madam, amesema hao wamewaanika wakati wa giza, wanawatoa mwezi ukiwaka."

Nikamwambia aandike kwenye grafu, penseli nyekundu.