Pektini ya mapera na chanuo la ndege

SWALI: Ndugu Mhariri, napika konfitiri ya mapera na kuiuza hapa Kadutu, Bukavu, na nimezoea kusikia kwamba inayoigandisha ni pektini. Juzi mwanangu alirudi kutoka shule na daftari la biolojia lililoandikwa kwamba ndani ya jicho la ndege mna «pekteni». Je, ni kitu kimoja?
Mama wa Kadutu

JIBU: Hapana, Mama, majina hayo yamefanana kwa bahati tu. Mkemia Mfaransa Henri Braconnot, aliyeichunguza pektini mwaka 1825, aliiita kwa neno la Kigiriki lenye maana ya kugandisha, ilhali pekteni ni neno la Kilatini la chanuo.

Pektini ni mali ya mimea. Hukaa kati ya seli na kuzishikanisha, kama udongo unavyoshikanisha matofali, ndiyo maana pera bichi ni gumu. Linapoiva, vimeng'enya, yaani kemikali za tunda lenyewe, huivunjavunja pektini hiyo na tunda hulainika. Kwa hiyo mpishi anayechanganya mapera machache ambayo hayajaiva sana hupata konfitiri inayoshika vizuri, mradi aweke sukari ya kutosha na maji ya limau, kwa sababu pektini ya matunda haigandi vizuri pasipo sukari nyingi na uchachu. Dondosha tone kwenye sahani baridi, ulisukume kwa kidole: likijikunja juu kama ngozi, epua sufuria. (Mimi naiamini sahani hiyo kuliko saa.)

Kwa wanyama, jina la pekteni hufuata umbo la chanuo peke yake. Pekteni ya ndege ni utando mweusi wenye mikunjo na mishipa mingi ya damu, unaochomoza ndani ya jicho pale mshipa wa fahamu unapoingilia. Na kwa kuwa retina ya ndege, yaani tabaka la ndani ya jicho linalopokea mwanga, haina mishipa yake ya damu, wataalamu huona kwamba utando huo ndio unaoilisha. Kulastara naye ana meno ya chanuo kwenye ukucha wa kidole cha kati, ambayo huyatumia kusafishia manyoya. Ama nge, ukimgeuza kwa kijiti akiwa amekwisha kufa, utaona chini ya tumbo, nyuma ya miguu ya mwisho, machanuo mawili madogo: akiwa hai huyapitisha juu ya ardhi, na dume huyatumia kutambua harufu aliyoiacha jike.